Sheria Waliyoiita ya Janelle

Marlys Hoffert alikuwa msaidizi wa darasa katika shule ya msingi ya umma ya Lindvik, mji mdogo wa wakulima wa ngano na alizeti huko Dakota Kaskazini. Kazi hiyo aliifanya kwa muda mrefu, hata watoto aliowafungia kamba za viatu wakawa watu wazima na kumletea watoto wao. Msaidizi hana darasa lake. Hukaa na mtoto anayebaki nyuma, humbembeleza anayelia, na mwalimu akiugua hushika chaki kwa siku hiyo tu. Kesho yake anarudi kwenye kiti cha pembeni.

Tangu ujanani Marlys alitaka kuwa mwalimu. Lakini leseni ilidai mtu aache kazi muhula mzima akafanye mazoezi ya kufundisha bila mshahara, na chuo kikuu cha jimbo kilikuwa mbali. Yeye na mumewe Verlyn walikuwa na ng'ombe wa kukamua na watoto wa kulea. Hakwenda.

Alichobaki nacho ni wazo. Alilisema kila walipokaa na kahawa: "Miaka yetu darasani ihesabiwe kuwa ndiyo mazoezi. Tusome huku tuko kazini. Kinachotakiwa ni sheria tu." Wenzake waliitikia na kuendelea kunywa. Aliyemsikiliza kwa dhati ni Janelle Opdahl, msaidizi mwenzake, mwanamke kijana ambaye Marlys mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Marlys alimpenda. Janelle alipojifungua, Marlys ndiye aliyempelekea supu ya madonge ya unga na viazi mpaka mtoto alipoanza kulala vizuri.

Jioni moja, kwenye chakula cha kanisani, Marlys alimkuta jirani yake Duane Fettig, mkulima aliyekuwa mbunge wa eneo lao katika Bunge la jimbo, akamweleza wazo lake. Fettig alitafuna taratibu, akafikiri.

"Hilo jambo lina akili," akasema. "Nitalipeleka liwe muswada. Lakini lazima uje Bismarck, bungeni, uieleze Kamati ya Elimu kwa mdomo wako. Mimi wameshanizoea."

Majira ya baridi yalipofika na Bunge likaanza kukaa, siku ya kusikiliza muswada ikapangwa. Marlys aliogopa kuendesha gari kwenye barafu, akamwomba Janelle ampeleke. Janelle alikwenda kama dereva tu.

Ndani ya chumba cha kamati, chenye meza ndefu na vipaza sauti, Marlys aliketi mbele ya wajumbe. Alisoma karatasi yake bila kuinua macho. Seneta mmoja alikuwa akitazama simu. Alipomaliza hakuna aliyemuuliza swali. Mwenyekiti, kwa adabu tu, akamgeukia yule kijana aliyekaa nyuma. "Na wewe dada, umekuja kusema lolote?"

Janelle akasimama. Hakuwa na karatasi. Akaanza kueleza habari za msichana mmoja, Brynn, aliyefika darasa la pili hajui herufi hata moja. Hapakuwa na chumba cha kumfundishia, kwa hiyo kila baada ya chakula cha mchana alikalishwa ukumbini, karibu na kabati la mafagio. Alipendezwa na ng'ombe, basi akafundishwa kusoma kwa majina ya ng'ombe: Dot, Pip, Meg. "Tulikaa naye hivyo hivyo mpaka akasoma," Janelle akasema. "Siku aliposoma ukurasa mzima alilia, nasi tukalia. Hayo ndiyo tunayoyafanya, waheshimiwa, na sheria inatuambia hatujui kufundisha."

Yule seneta aliweka simu chini. Mama mmoja wa kamati alijifuta macho.

Dot, Pip na Meg walikuwa ng'ombe wa Marlys. Aliyekaa karibu na lile kabati la mafagio ni Marlys. Mwaka ule Janelle alikuwa nyumbani ananyonyesha.

Njiani kurudi, theluji ikipeperuka barabarani, Janelle akasema, "Nilikuwa natetemeka, hata sijui nilisema nini."

"Ulisema vizuri," Marlys akamjibu, akageuza uso dirishani. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na hakulisema.

Gazeti lilitoka na picha ya Janelle. Chini yake waliandika kwamba yeye ndiye aliyemfundisha yule mtoto. Muswada ukapita katika Bunge, na gavana akaalika watu kwenye kutia saini. Marlys pia alialikwa. Akasema hawezi, ng'ombe anakaribia kuzaa.

"Ng'ombe yupi?" Verlyn akauliza.

"Yeyote."

Mjini ikaanza kuitwa Sheria ya Janelle. Dukani, mwenye duka alimwambia Marlys huku akimpimia nyama, "Mwenzako katutoa kimasomaso." Marlys akacheka, akatoka na nyama, akakaa ndani ya gari muda mrefu bila kuliwasha.

Tangu hapo kijicho kilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Janelle akivaa koti jipya, Marlys aliliona kabla ya mtu yeyote, na aliona pia kifungo kilicholegea. Janelle akicheka na mkuu wa shule, Marlys alisikia kicheko kimezidi. Nyumbani alimweleza Verlyn jinsi fulani anavyojiona siku hizi, na Verlyn, aliyekuwa mtu wa maneno machache, alijifunza kula haraka na kurudi zizini.

Sheria ilipoanza kazi, Janelle alikuja na furaha. "Twende wote tukajiandikishe, Marlys. Peke yangu sitaweza."

"Mimi na umri huu? Nenda tu. Si wewe mwenye sheria?"

Janelle alimtazama kama mtu aliyekanyaga kitu gizani asijue ni nini. Akaenda peke yake.

Muhula wa kwanza alifeli hesabu. Marlys alipopata habari, kitu chepesi kikampanda mwilini, karibu aimbe. Jioni ile akaoka vipande vitamu vya rubabu, mmea mchachu wa bustanini, na kumpelekea Janelle kumpa pole. Janelle alivila akilia, akisema hakuna mtu mwenye moyo kama Marlys. Vipande vilikuwa vimetoka vizuri kuliko siku zote, na Marlys alijua vema kwa nini.

Lakini Janelle alirudia mtihani akapita, na miaka ikasogea, akapata leseni. Wakampa darasa la pili, chumba chenye dirisha kubwa linalotazama maghala ya nafaka. Na kwa kuwa darasa hilo lilikuwa na watoto waliobaki nyuma, mkuu wa shule akalipangia msaidizi. Akampanga Marlys.

"Nilifikiri mtafurahi," mkuu wa shule alisema alipoona uso wake. "Ninyi si marafiki?"

Watoto walimwita mmoja Mwalimu Opdahl. Mwingine walimwita Marlys. Mwaka mzima alikaa kwenye kile kiti cha pembeni akimsikiliza Janelle akifundisha kusoma, akisubiri akosee. Mara nyingine Janelle aligeuka na kuuliza mbele ya watoto, "Nimelieleza sawa, Marlys?" Aliuliza kwa heshima. Marlys alisikia majivuno.

Kisha mapato ya jimbo yakashuka, na Bunge lilipokaa tena, baadhi ya maseneta wakataka sheria ifutwe. Walidai kwamba imeshusha hadhi ya ualimu. Mheshimiwa Fettig akawaomba wote wawili waje tena mbele ya kamati. Janelle alikwenda na gari la Fettig. Marlys alisema ataendesha mwenyewe.

Verlyn alimkuta asubuhi akikwangua barafu kwenye kioo. "Wewe? Kwenye barafu hii?" Akamtazama mkewe kwa makini. "Unakwenda kuitetea au kuiua?"

"Nakwenda kusema ukweli."

"Hivyo ndivyo anavyojibu anayekwenda kuua," Verlyn akasema, akamkagulia magurudumu.

Chumba kilikuwa kile kile. Janelle alizungumza kwanza, akaeleza darasa lake. Zamu ya Marlys ilipofika hakuwa na karatasi.

"Ile habari mliyoelezwa hapa, ya mtoto aliyesoma kwa majina ya ng'ombe," akasema, "ng'ombe ni wangu. Mtoto nilikaa naye mimi. Bi Opdahl wakati huo alikuwa kwake na mtoto mchanga."

Wekundu ulimpanda Janelle kutoka shingoni mpaka masikioni. Seneta Kuhlmann, mama aliyekuwa mstari wa mbele kutaka sheria ifutwe, akainama kwenye kipaza sauti.

"Kwa hiyo kamati hii ilidanganywa?"

Marlys alikuwa ameisubiri saa hiyo miaka. Ilimbidi aseme neno moja tu, ndiyo. Lakini mwenyekiti akawahi kuuliza, "Mtoto mwenyewe je, alisoma kweli?"

"Alisoma. Sasa hivi anaazima vitabu kwangu na kuvirudisha vimechafuka."

"Na wewe uliyemfundisha, umesomea ualimu kwa sheria hii?"

"Hapana."

"Kwa nini? Ina kasoro gani?"

"Haina kasoro."

"Sasa kilichokuzuia ni nini, mama?"

Marlys alitafuta jibu lingine, akalikosa. "Wivu, Mheshimiwa. Wazo lilikuwa langu, na sifa wakampa yeye. Nilimwonea wivu. Hata sasa namwonea."

Mtu mmoja nyuma alicheka, na wengine wakafuata. Seneta Kuhlmann hakucheka. "Kazi yake basi? Wewe si uko naye darasani?"

"Niko naye kila siku, nikimtafutia kosa. Ningelipata ningekuja nalo hapa leo. Anafundisha vizuri." Akaongeza, kama mtu anayemeza dawa chungu: "Anafundisha vizuri sana."

Sheria haikufutwa. Ilipona kwa kura chache, na Fettig alisema baadaye kwamba ushahidi wa adui una uzito kuliko wa rafiki. Alidhani anatania.

Nje ukumbini Janelle alimngoja, koti mkononi. "Ungeniambia siku ile ndani ya gari."

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba nimekuibia."

"Hukusema ni wewe. Ulisema tulikaa naye."

"Niliogopa kukutaja," Janelle akasema. "Ulikuwa umeshasoma karatasi yako na hakuna aliyekusikiliza. Nilidhani nikisema ni wewe, hiyo habari nayo hawataisikiliza. Nilikuonea huruma, Marlys."

Hilo lilimuuma kuliko picha ya gazetini. Hawakukumbatiana. Janelle aliondoka na Fettig, na Marlys akaendesha peke yake nyuma ya lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, polepole, njia nzima.

Baridi ilipokwisha akajiandikisha. Alikuwa mkubwa kuliko wote, akisoma usiku kwenye meza ya jikoni, na Verlyn akijifunza kupika mayai. Kanuni ilitaka mwenye leseni akae nyuma ya darasa na kumpima anavyofundisha. Waliyempangia alikuwa Janelle. Janelle alikaa kwenye kile kiti cha pembeni na kumwambia kila kosa bila kumstahi, na Marlys akamchukia kila Ijumaa, na kila Jumatatu akafundisha vizuri zaidi. Kahawa walianza tena kunywa pamoja, ingawa hawakurudia kuzungumza kama zamani. Kulikuwa na mambo waliyoyapita kwa mbali.

Alipopata leseni akapewa darasa la pili la upande wa pili wa ukumbi. Chumba chake kilitazama maegesho ya mabasi. Hilo nalo lilimkera.

Wiki za mwanzo mzazi mmoja alikuja kumwomba: mtoto wake yuko kwa Mwalimu Opdahl, je, haiwezekani ahamishiwe kwake? Ameambiwa Mwalimu Hoffert ana mkono wa kusomesha. Marlys alisikia utamu ukimshuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Aliuacha ushuke. Kisha akamwambia yule mama kwamba mtoto yuko mahali pazuri, amwache huko huko.

Baadaye walikutana kwenye birika la kahawa. Marlys akasema, "Kuna mzazi alikuja kwangu leo. Nimemkatalia."

"Najua," Janelle akasema, akikoroga kikombe kisicho na sukari. "Nilikuwa mlangoni nasikiliza."