Kichwa cha Fundi Viatu

Shangazi yangu alipiga watu picha kwenye kona ile ile kwa miaka kumi na sita, na mtaa mzima ulimwita Cheka Kidogo. Ndiyo maneno aliyowaambia wateja. Mwenyewe hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Nyuma ya wateja wake alikaa fundi viatu, na huyo ndiye aliyekuwa mtihani. Mtu kajipamba, kashika kiuno; picha ikisafishwa, kumbe fundi kachomoza kichwa kwapani kwake, misumari mdomoni. Mteja anaisusa. Shangazi aliitupa kwenye boksi chini ya kitanda, na kesho yake akapaza sauti: "Fundi, sogea kidogo bwana!" Fundi alisogea huku akinung'unika.

Kisha manispaa ikajenga vibanda pale konani. Wangepewa waliokuwapo zamani, na kila mtu alete ushahidi. Fundi alikuja nyumbani mnyonge.

"Dada, sina karatasi hata moja. Nikikosa kibanda, basi tena."

Shangazi akavuta boksi. Tulikaa sakafuni tukichambua: kichwa cha fundi, goti la fundi, mkono wa fundi na nyundo, nywele zikipungua mwaka hadi mwaka. Picha nzuri zilikwenda na wenyewe. Mtaa wetu ulikuwa umebaki humu, kwenye zilizokataliwa. Tulipata arobaini na moja.

Karani wa manispaa alizipanga mezani, akamwandikia fundi kibanda bila ubishi. Akamgeukia shangazi.

"Na wewe, mama, umo katika ipi?"

"Zote nimepiga mimi."

"Sawa. Lakini umo katika ipi?"

Shangazi alizipitia upya, moja moja. Hakuwamo. Fundi alimtetea mpaka koo likamkauka. Karani akasema maneno hayabandikwi kwenye fomu. Hakuwa mtu mbaya. Iliniuma hata hivyo, sitaficha.

Siku ya kufungua vibanda, shangazi alikwenda na kamera begani, asijue atasimama wapi. Fundi alikuwa ameshahamia. Benchi, viatu, makopo ya rangi, vyote vimebanwa upande mmoja, na yeye mwenyewe kajikunja, magoti kidevuni. Nusu nyingine ya kibanda ilikuwa tupu, imefagiliwa.

"Mbona umejibana hivyo?" shangazi akauliza.

"Nimesogea, dada," fundi akasema. "Si ndivyo ulivyonizoesha?"