Dagaa Juu ya Jiwe Jeusi

Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa saba mchana, nilikuwa natandika taulo juu ya jiwe jeusi mbele ya hoteli, mgeni wa likizo kama wageni wengine kisiwani, harufu ya jiwe lililochomwa na jua iliponipanda puani na kunishtua. Harufu ile naijua. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi nilipoletwa kisiwa hikihiki, kilichozaliwa na volkano iliyozimika zamani upande wa kaskazini wa ziwa, nikimsindikiza Shangazi Nyangeta, aliyeolewa huko kutoka kwetu Igogo, Mwanza.

Katika nyumba ile ya wakwe, bibi harusi alipewa dagaa wa mtumbwi mmoja awaanike peke yake. Akiwaharibu, alirudishwa kwao akafundwe upya. Mawifi walimletea nyavu kuukuu za kutandika chini. Shangazi akazikataa kwa upole, akisema sisi watu wa Mwanza tumezaliwa juu ya mawe. Ni kweli: majabali ya kwetu ni laini, na tangu utoto tulimwaga dagaa juu yake bila kutandika kitu. Lakini mgeni ni kipofu japo ana macho. Jiwe la volkano lina vitundu kama sega la nyuki, na jua la mchana huligeuza kikaango. Tuliporudi kutoka kuteka maji, dagaa walikuwa wamenasa vitunduni, nusu wameungua, nusu wamekuwa unga.

“Wifi,” mmoja akauliza, “kwenu huwa mnaanika au mnakaanga?”

Kicheko kikafika hadi mitumbwini. Shangazi akashika ncha ya kanga. Nami nikaanza kufikiri tutamweleza nini babu, aliyekwisha kumuaga kwa machozi.

Ndipo akaja mama mkwe, mwanamke aliyeamkiwa kwa magoti hata na wanawe. Akachuchumaa, akabandua dagaa kwa ukucha, akatia mdomoni pamoja na changarawe. Akatafuna. Akachota konzi nzima.

“Hawa ndio ninaowataka,” akasema. “Wale wagumu wenu wamenimaliza meno. Haya, kuleni.”

Mawifi wakala, mmoja mmoja, bila kicheko. Nilipigwa na butwaa. Nilikuwa nimesikia jino lake likigonga jiwe, na sikujua kwamba mtu mzima aweza kusema uongo namna ile, mchana kweupe, uso mkavu.

Leo juu ya mawe yale wanalala watalii, na waanikaji wamesogezwa nyuma ya kilima. Harusi zetu nazo ni za ukumbini, na kasoro za bibi harusi husambazwa kwenye simu kabla hajavua shela. Majuma machache baada ya safari nilimwandikia Shangazi, ambaye masikio yake hayasikii tena simu, na ambaye hakurudishwa kwao kamwe:

“Shikamoo, Shangazi. Mwanangu anaoa mwaka huu, na ulimi wangu unaujua ulivyo mkali. Kabla binti huyo hajaingia nyumbani kwangu, nieleze: mama mkwe wako alimezaje?”