Wakili Aliyekwenda Kuniposea Kimilili

Chekeni tu, najua mmeiona ile video, kutoka Kibomet mpaka Lwakhakha hakuna mtu hajaiona, hata pasta wetu juzi aliniuliza mama mkwe anaendelea aje huku akiuma midomo asicheke. Yule jamaa wa suti ya bluu aliyeanguka miguuni pa mama wa wenyewe akilia ni mimi, Njoroge, sikatai. Lakini wacha niwaambie vile nilifika hapo, kwa sababu aibu kama hiyo haiji yenyewe, ni mtu huiita.

Mnajua nilikuwa napakia magunia kwa stoo moja ya mahindi hapa Kitale. Siku moja mkanda wa mashine ya kupukuchua ukanasa shati langu, ukaukamua mkono wa kulia vile mama hukamua blanketi, na tangu hapo mkono ukakataa kupanda kupita kifua. Daktari akasema kuna kitu kimeraruka begani, kinataka upasuaji, la sivyo nizoee kula ugali na mkono wa kushoto maisha yangu yote. Mdosi naye, mwenye stoo, akasema ati nilijiumiza nikicheza. Nikicheza na nani, bana, na mkanda?

Basi nikatafuta wakili. Wakili Simiyu, ofisi yake iko juu ya duka la dawa za ng'ombe, mtu wa mdomo kweli kweli, akikusalimia unatoka hapo ukihisi umeshinda kesi. Akapeleka madai yangu kwa ofisi ya leba, ile ya mambo ya wafanyakazi, na akanionya: "Njoro, huo mkono usiinue hata kijiko mpaka tumalize." Fidia ndiyo ingenilipia hospitali. Bila fidia sina mkono, ilikuwa hivyo tu.

Sasa wakati huohuo kulikuwa na mambo ya Nafula, msichana wa Kimilili niliyempenda kabla hata mkono haujaharibika, na wazee wao walikuwa wametuita tukaongee mahari. Kwa mikutano hiyo mwenye kuoa hafungui mdomo, anaketi kwa adabu na kuna mtu wa kumsemea. Wa kunisemea alifaa kuwa baba mdogo, lakini baba mdogo huanza na salamu na kumaliza na ugomvi (alishawahi kufukuzwa kwa matanga). Nikafikiria: si nina wakili? Tena Mbukusu kama akina Nafula, anajua lugha, anajua mila, na mdomo wake tayari nimeukodisha. Huo ndio uamuzi ulionimaliza. Nikamwomba, akafurahi mpaka akanunua tai mpya.

Nafula naye alinionya jambo moja. "Mama usimguse. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasalimiani kwa mkono, hata kukutana njiani ni aibu. Ukimwona anakuja, wewe geuka." Nikamwambia kwani mimi nina wazimu, nitamgusaje mama yako?

Tukafika, tukaombewa, tukapewa chai, mambo yakaenda sawa mpaka wazee wakataja ng'ombe wanaotaka. Wakili Simiyu akasimama, akakohoa, akashika koti vile hushika kortini, nami nikajua hapo tumeumia.

"Waheshimiwa wazee, ng'ombe hao ni wengi kwa mtu wa hali hii. Mteja wangu hawezi kushika jembe. Hawezi kukamua. Hawezi kupasua kuni, na daktari amesema huenda asiweze tena. Kwa hayo machache, naomba mpunguze."

Ngai! Kumbe mtu alikuwa ananitetea kama tuko leba! Baba yake Nafula akaweka kikombe chini polepole.

"Yaani mumetuletea mutu nusu," akasema, "na munataka tuwapatie musichana muzima?"

Wakili akadhani anashinda. Akaongeza, "Na hata shati, mzee, hawezi kuvaa bila kusaidiwa!"

"Kusaidiwa na nani?" akauliza shangazi mmoja kutoka nyuma.

Watu wakapasuka kicheko. Nikamwona Nafula dirishani ameinamisha kichwa, na hapo moyo ukaniuma kuliko bega. Nikasimama, mimi niliyeambiwa nisifungue mdomo, nikasema, "Wazee, huyu ananisingizia! Mimi ni mzima!" Kando ya tenti tulimokaa kulikuwa na nusu gunia la mahindi. Nikaliendea, nikalisukuma kwa goti, nikalivuta na mkono wa kushoto, wa kulia nikauweka tu hapo juu wa kuonekana, na gunia likapanda begani. Akina mama wakapiga vigelegele! Wakili ananifanyia ishara niteremshe, mimi nazunguka uwanjani kama mtu amechaguliwa mjumbe.

Halafu bega likalia kaa!

Gunia likaenda huku, mimi huku, na upande wangu nani alikuwa anatoka jikoni kuona vigelegele ni vya nini? Mama mkwe. Nikamwangukia mzimamzima, tukaenda chini sote, supu ya ingokho, yaani kuku, aliyokuwa ameibeba, juu yetu, na kwa yale maumivu nikamkumbatia mguu na kulia, "Mamaaa! Mkono wangu! Mama usiniache!" Wazee wakafunika macho na kofia. Mama mwenyewe anapiga nduru, "Mutoeni! Mutoeni huyu mutoto ya wenyewe!" Mkutano ukaishia hapo.

Shemeji yangu Nanjala, dadake Nafula, alikuwa amerekodi yote, lakini kwa kumhurumia mama yake akaweka mtandaoni ile sehemu ya gunia peke yake. Wiki iliyofuata tukaitwa leba. Wakili wa mdosi, mama mmoja mpole wa miwani, akatoa simu na kumwekea afisa wa leba: mimi huyo, gunia begani, vigelegele. "Huyu ndiye asiyeweza kuinua kijiko," akasema. Mdosi akajiegemeza kwa kiti. Mimi nikaanza kuuaga mkono wangu kimoyomoyo.

Wakili Simiyu akaniinamia sikioni. "Njoro, chagua. Niko na video yote, Nanjala amenitumia. Heshima ama mkono?"

Nikamfikiria mama mkwe. Halafu nikajaribu kushika kalamu iliyokuwa mezani, ikaniponyoka. Nikasema weka.

Ikawekwa, na sauti juu. Afisa alianza vizuri, amekunja uso, lakini kufika kwa "Mama usiniache" akatoa kitambaa akafuta machozi, na mdosi, mdosi mwenyewe, akacheka mpaka akashika meza. Mama wa miwani akajaribu kusema ati hapo ndipo nilipojiumiza. Afisa akamwambia karatasi ya daktari ilifika hapa kabla ya hilo gunia. "Na kilio kama hiki," akasema, "hakuna mtu wa kukiigiza mbele ya wakwe."

Fidia nikapata, video yote nayo ikatoroka hapo leba ikafika kwa simu zenu, nikapasuliwa, na wazee wa Kimilili wakanitoza kondoo wa kuosha ile aibu kabla hawajanipa Nafula. Mimi nimeapa: wakili abaki leba, na posa zote za kwetu nitamwachia baba mdogo na ugomvi wake. Mkono sasa unapanda vizuri. Nasalimia kila mtu, hata mdosi tukikutana sokoni nampa mkono. Mtu mmoja tu ndiye natamani kumshika mkono nimwambie asante mama, na nikimwona anakuja, nageuka.