Jiwe Nililoliagiza Rangi

Mwanangu, safari ya kutoka Tunduru hadi Tanga naikumbuka zaidi kwa mgongo kuliko kwa macho. Lori la korosho mpaka Lindi, basi mpaka Dar es Salaam, kisha jingine. Tulipopita Pongwe, karibu kabisa na Tanga, sikujua tena jua linachomoza upande gani. Mfukoni nilikuwa na yakuti moja ya bluu hafifu, kama maji yaliyosuuziwa kanga mpya. Ujana wangu wote wa machimboni ulibakiza hiyo tu. Wanunuzi waliiona chafu. Lakini sisi wachimbaji tunajua: jiwe kama lile likipikwa kwa moto mkali huweza kuiva likawa bluu safi, au likapasuka. Likiiva, ningenunua kiwanja Pongwe nitulie. Likipasuka, basi, ni kurudi njiani tena.

Tanga nilifikia mtaa wa Makorora, kwa dada yangu, Mwanahamisi. Binti yake, Zuhura, alikuwa likizo kutoka chuo kikuu. Anasomea madini, lakini hashiki sururu. Mawe anayajenga ndani ya kompyuta. Akanionyesha vitone, ndizo chembe za jiwe, vimepangwa safu kwa safu kama shanga. Anatoa kimoja, anaweka cha chuma kinacholeta bluu, anapandisha joto, mashine inakokotoa rangi.

"Ndilo jiwe langu hilo?"

"La ukoo wake, mjomba. Lako lina chuma kiasi gani?"

Ningejuaje? Nikasema, "Kidogo." Rangi ikatoka kama maji. Kesho yake nikasema, "Weka kingi." Ikatoka kama wino. Nikauliza habari za nyufa. Akasema la kwake halina ufa kwa kuwa hakuliwekea. Kichwa kikanizunguka. Kompyuta ile ile, majibu mbalimbali!

"Kinachobadilika ni maneno yako, mjomba. Nikalipime kwanza chuoni, ndipo nijue cha kuweka."

Mimi nilikwisha kushika ile ya wino.

Dada alikuwa akikuna nazi. Akacheka. "Wewe mwanamume! Ukipigiwa ramli na waganga watatu, unamlipa aliyekupendeza. Jiwe hukuliuliza, umeliagiza."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Msemo huo niliujua tangu utotoni, na haukunizuia. Nikalipeleka kwa mhunzi mmoja wa mtaa wa Mabawa, akavukuta moto mpaka alasiri. Lilipopoa nikaliweka kiganjani: upande mmoja bluu ambayo sijaiona tena popote, upande wa pili ukungu, katikati ufa. Nililigeuza tu, likaachana vipande vipande. Hakuna kilichofaa hata kwa kipini cha pua.

Mpaka leo sijui nimlaumu nani. Kompyuta ilisema bluu, na bluu ilikuwemo. Labda ufa ulikuwemo tangu Tunduru. Labda ni moto. Nimezunguka nchi na swali hilo, na kila mji unanijibu vingine.

Hili walau nalijua, nawe lishike: kabla hujauliza, jipime kama unaliweza jibu usilolitaka. Ukijikuta unauliza lile lile kwa maneno mapya, nyamaza, kapime kwanza.

Vile vipande nilimwachia Zuhura. "Safari hii nitajenga na ufa, mjomba," akasema. Dada akanisindikiza stendi, akanipa vitumbua vya moto, hakuniuliza nitarudi lini. Alinishika kichwa tu, akasema, "Mungu akuonyeshe ufa kabla ya moto, na akupe pa kukaa." Sikurudi Tanga tena. Dua ile bado ninayo, mwanangu, ichukue wewe.