Kata Aliyonipa Mimi Tu

Mwalimu wetu wa karate alifariki Ijumaa asubuhi, na kabla jua halijazama alikuwa ameshazikwa, kama desturi ya Waislamu inavyotaka. Mimi sikufika kaburini. Wanaume walibeba jeneza, sisi wanawake tukabaki nyumbani kwake Kyebando, kwenye mikeka, tukimzunguka mke wake ambaye wanafunzi wote tulimwita Mama. Wanubi wenzake walileta kisra, ile mikate yao myembamba, imefunikwa kwa kawa za rangi. Sikuweza kula. Sare yangu nyeupe ilikuwa kwenye mfuko, chini ya goti langu, nami nilikuwa nasubiri wanaume warudi.

Nilikuwa na kazi ya kumfanyia marehemu. Ndiyo maana kubaki nyuma hakukuniuma sana. Nilijisemea, wacha wamfukie, mimi ndiye nitakayemuaga.

Nilimjua tangu nikiwa msichana wa kambini. Baba yangu alikuwa polisi kutoka kaskazini, na Kiswahili nilichokulia ni hicho cha kambi, cha amri na matusi. Mwalimu alikuwa na ukumbi nyuma ya karakana ya maseremala, pakavu, panapowasha pua kwa vumbi la mbao. Majirani walimwita mwalimu wa kalate, naye hakuwasahihisha. Sifa zake zilikuwa adimu. Ukipiga teke zuri kabisa alikuambia, "Haya, rudia." Ukilipiga vibaya alikuambia vilevile. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Nilipofika miaka ishirini na kitu, mama mmoja mwenye timu ya wanawake Nairobi aliniona kwenye mashindano. Aliniita nikakae huko, nilale kwao, nile kwao, nifanye mazoezi na wenzangu wa kiwango changu, nisafiri. Mtoto wa kambini aambiwe habari za kusafiri! Nilimwendea Mwalimu nikamweleza. Aliniangalia, akasema, "Sawa." Basi. Nikarudi nyumbani nikaanza kukunja nguo.

Siku chache baadaye aliniita ukumbini peke yangu. Alifunga mlango, akafunga madirisha yote ya mbao, joto likatubana. Akanionyesha kata. Asiyejua karate ajue kwamba kata ni mfululizo wa hatua na mapigo mtu anaoufanya peke yake, akipigana na watu wasioonekana. Zote nilizozijua zilianza kwa kwenda mbele. Hii ilianza kwa kurudi nyuma hatua moja, kiganja cha kushoto kimefunika sikio, ukitulia kidogo, ndipo unageuka.

"Hii sijampa mtu," alisema. "Mwalimu wangu alinipa mimi tu, nami nakupa wewe tu. Usiipe jina. Usimwonyeshe mtu. Siku nikifa, watu wakitoka makaburini, ifanye hapa ukumbini mara moja. Kuanzia hapo itakuwa yako."

Nani angeondoka baada ya maneno hayo? Niliifanya mpaka miguu ikawaka moto, na kesho yake nikampigia yule mama wa Nairobi nikamwambia asante, siji. Aliniuliza kama nimepata mchumba. Nilicheka. Nilijiona nimepata kikubwa kuliko mchumba. Miaka imepita, nasimamia walinzi kwenye duka kubwa kule Kansanga, goti la kulia linalia nikipanda ngazi, na mara zote nilipoonewa kazini nilijipoza kwa neno hilo moja: mimi ndiye niliyechaguliwa.

Wanaume walirudi na udongo kwenye viatu. Wakubwa wa ukumbi tulikuwa watatu: mimi, mwenye bucha wa Namuwongo, na mwendesha boda mmoja mwembamba anayeongea kwa mkato. Tulikwenda ukumbini na wanafunzi wengine wakatufuata. Niliona ukosi mweupe wa sare chini ya kanzu ya mwenye bucha. Mwendesha boda alipofungua zipu ya jaketi lake, naye alikuwa na sare ndani. Nikasema moyoni, vizuri, wamemheshimu.

Nilisimama katikati. Nikasema, "Ndugu zangu, Mwalimu aliniachia kitu."

"Subiri, dada yangu," mwenye bucha akasema kwa upole, akivua kanzu. "Mimi niliagizwa. Ni wosia wake. Naomba nianze, halafu wewe."

Mtu mwenye wosia habishiwi siku ya maziko. Nikampisha. Akasimama wima, mwili wote ule, akavuta pumzi, akarudi nyuma hatua moja na kufunika sikio la kushoto.

Sijui nisemeje. Nilidhani nimechoka, naota. Kisha akageuka vilevile, kwa kisigino kilekile, nikasikia mtu nyuma yangu akisema taratibu, "Hapana. Hapana, bwana." Alikuwa mwendesha boda. Alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili na machozi yanamtoka.

"Alikuambia hajampa mtu?" nilimwuliza.

"Mimi tu."

Mwenye bucha aliacha katikati ya pigo. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Wanafunzi wadogo walitutazama mmoja mmoja, kisha wakatoka nje bila kuambiwa, tukabaki watatu.

Swali lililofuata niliuliza mimi, maana nina ulimi usiojua kukaa: "Alikupa lini?"

Mwenye bucha alifikiri. Alipewa alipotaka kuhamia Juba, kwa kaka yake, biashara ya ng'ombe. Mwendesha boda alipewa alipopata chumba Kansanga cha kufungua ukumbi wake mwenyewe. Na mimi, Nairobi. Kwa wote alifunga madirisha. Na pale nikaelewa kwa nini haikuwa na jina: kitu chenye jina hutajwa, na siku moja mmoja wetu angekitaja mbele ya mwenzake.

"Labda alitaka tubaki kitu kimoja," mwenye bucha alisema.

"Kitu kimoja gani?" nikamjibu. "Unachinja kila siku, hujui kamba ya ng'ombe ukiiona?"

Akaokota kanzu yake. Nilijuta kidogo, kidogo tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba unaweza kukivaa kwa fahari miaka yote hiyo.

Nilirudi kwa Mama. Watu walikuwa wamepungua. Nilipiga magoti nikamweleza yote kwa sauti ya chini, nikitumaini atashtuka. Hakushtuka.

"Binti yangu, yule mtu alikuwa anaogopa kuachwa," alisema. "Hata mimi nikienda Bombo kwa ndugu zangu, siku ya pili napigiwa simu, tumbo linamuuma. Nikirudi, limepona."

"Mama ulijua?"

"Nilijua anafunga madirisha. Sikuuliza."

Nilimheshimu, nikamshika mkono. Lakini nilitaka kumwambia kwamba tumbo la mumewe lilimrudisha yeye kutoka Bombo, na kutoka Bombo mtu anaweza kwenda tena wiki ijayo. Nairobi yangu haikunisubiri. Nilimlilia Mwalimu usiku ule kwa hasira, nikimwambia aliyekufa, ungeniambia tu baki. Ungesema unaogopa. Ningebaki, mzee wangu, ningebaki bila kudanganywa.

Sasa ukumbi tunauendesha watatu. Mwenye bucha alipendekeza kata ile tuiache, tuizike naye. Nilikataa. Kila mgeni anayekuja kwangu namfundisha hiyo kwanza, kabla hajajua hata kukunja ngumi, mlango wazi, madirisha wazi, maseremala wanachungulia na misumari mdomoni.

Juzi mwanafunzi wangu mmoja, nesi, alikuja na habari kwamba amepata kazi Mombasa. Aliisema akiangalia chini, akiogopa nitakasirika. Nilihisi mkono wangu unakwenda kwenye dirisha. Wallahi, ulikwenda wenyewe. Nikaushusha.

"Unaondoka lini?" nilimwuliza.

"Jumatatu, Mwalimu."

"Haya," nikasema. "Nenda."

Alisubiri kama kuna neno jingine. Halikuwepo. Akainama, akachukua viatu vyake mlangoni, nami nikamwangalia mpaka akapita karakana. Kisha nikakaa sakafuni nikalia, maana hilo ndilo neno nililokuwa nalitaka kwa Mwalimu tangu siku ile ya Nairobi, na ilibidi nilitoe mimi.