Kopo la Mjapani

Jirani yetu hapa Wembley huiita Toyota kuukuu ya dada mmoja anayelea wazee "kopo la Mjapani". Jumamosi gari la Kijerumani la jirani huyo liligoma kuwaka, na mama yake mwenye magoti mabovu alikuwa anachelewa harusi ya mjukuu. Dada akatubeba sote, mimi na mwanangu mchanga, tulioalikwa pia, tukiwa nyuma.

Karibu na ukumbi jirani akasema, "Tushushe kwenye kona, dada, watu wasituone."

Mvua ilikuwa inamwagika. Mama akashika mkanda wake. "Shuka wewe, baba. Mimi nashukia mlangoni."

Akashuka. Aliingia baadaye, suti ikichuruzika. "Parking ya hapa iko mbali mno!" akawaambia watu.

Dada hakumuumbua. Alimpa taulo ya mwanangu ajifute. Mimi ningemwacha alowe.