Mlango wa Namba Tisa

Siku vibao vilipoletwa, Dative Mukabera aliamka kabla ya kengele ya misa ya kwanza, akaosha ukuta wa mbele wa nyumba yake kwa maji na sabuni, akatoa kiti cha marehemu mumewe, akakiweka mlangoni, akakaa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Kushoto mwa mlango, usawa wa macho, alikuwa ameshachora kialama kwa mkaa, ili mafundi wasihangaike kutafuta pa kutoboa.

Kamembe nzima ilikuwa ikizungumzia vibao hivyo tangu Januari. Barabara zote za mtaa, hata zile nyembamba za kushukia ziwani, zilikuwa zimepewa herufi na namba, na sasa ilikuwa zamu ya nyumba. Wengine walicheka, wakasema namba hailiwi. Dative hakucheka. Alikuwa amekaa miaka thelathini bila namba, na aliyewahi kuwa na kitu ndiye anayejua kukikosa kukoje.

Kwa maana alikuwa nayo zamani. Alivushwa mto Rusizi mgongoni mwa mama yake, hajaota hata jino, mwaka ule watu walipoikimbia Rwanda, akakulia Bukavu, upande wa Kongo, katika nyumba yenye kibao cha bati la buluu mlangoni: 47. Shuleni wenzake walimwita Munyarwanda, wala si kwa wema. Alipokuwa darasa la sita, mwalimu alimsimamisha mbele ya wote aseme kwao ni wapi. Dative akataja barabara, akataja na namba. Mwalimu akamwambia akae. Siku hiyo aliibeba moyoni miaka yote, kama wengine wanavyobeba picha ya harusi.

Walirudi Rwanda mwishoni mwa 1994, yeye na mumewe Nsabimana, pamoja na Fabien, mtoto wa Nsabimana aliyezaliwa na mke wa kwanza, aliyekwisha kufa. Fabien alikuwa na miaka minane na homa kali, na ni mgongo wa Dative uliomvusha daraja, si mwingine. Walipofika ndipo Dative alipogundua kwamba amerudi kwao na hana anwani. Mtu akimtafuta, aliambiwa apite kanisa, ashuke, ni pale nyuma ya mti wa avoka. "Kule tulikuwa wageni wenye namba," alizoea kusema. "Huku tumekuwa wenyeji wa nyuma ya mti wa avoka."

Nsabimana alikuwa dereva wa lori la mawe kule Muganza. Kila Jumamosi alirudi na mawe machache ya msingi, na juu ya msingi huo wakasimamisha nyumba ya matofali ya udongo, mlango wake wa libuyu, mbao ngumu ya Kongo, ukitazama njia ya juu. Nsabimana alipokufa, njia ile ikatandikwa mawe, ikawa barabara. Fabien, ambaye sasa alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka kila siku, akakata mti wa avoka, akajenga maduka manne kando ya barabara na geti kubwa la chuma, mbele kabisa ya nyumba ya Dative.

"Maman, ni ya kukukinga vumbi," alimwambia.

Toka siku hiyo, Dative akikaa kitini mwake aliona migongo ya maduka, bomba la maji machafu, na makreti ya chupa tupu.

Basi asubuhi ile ya vibao aliisikia mashine ikitoboa kule getini. Akanyoosha kitenge magotini. Mashine ikanyamaza, akangoja. Halafu ikaanza kulia tena, mbali kidogo, kwa jirani. Hapo akasimama.

Getini palikuwa na kibao kipya kinachong'aa: 16. Binti wa ofisini, jina lake Umurerwa, alikuwa akiandika, na Fabien ameegemea geti na kijiti mdomoni.

"Mutoto wangu, mumenisahau," alisema Dative.

"Hapana, Maman. Hapa ni kumi na sita. Ni yenu bote."

"Bote banani?"

"Bale banaingilia kwa hii geti, na haya maduka yake, maana ni jengo moja. Namba ni ya mulango unaofungukia barabara, Maman. Haiko ya muntu."

"Maman, tutakula namba moja," Fabien alidakia. "Ao unataka tuikate kati kama mukate?"

Mafundi wakacheka. Umurerwa hakucheka, alikuwa na adabu ya watu wa misheni ya Mibirizi, ila aliendelea na kazi yake. "Mukuu wa nyumba ni nani?"

"Andika miye," alisema Fabien.

"Na Maman?"

"Maman mutie pale chini. Anayetunzwa."

Neno hilo likaandikwa. Dative aliliona likiandikwa, maana kusoma alikuwa anajua. Anayetunzwa. Yeye aliyempakata mtoto huyo usiku na mchana, aliyemtafunia chakula alipokuwa hawezi kutafuna, aliyeuza sambaza, visamaki vya ziwani, sokoni wakati wa mvua ili apate madaftari. Haikuwa kwamba Fabien alimnyima. Sahani yake ilimfikia kila mchana, na Jumapili ilikuwa na nyama. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: angenyimwa, angalau angekuwa na la kusema mbele za watu.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu. "Na mwenye mulango wake, unaofungukia barabara ingine?"

"Huyo tunamupa namba yake," alisema Umurerwa, "na karatasi yake."

"Imeandikwa mukuu wa nyumba?"

"Njo vile, Maman."

"Asante," alisema Dative, akageuka.

Nyuma ya nyumba yake, mlima uliposhukia, ilipita barabara ya chini. Hakuna mlango uliotazama huko. Kulikuwa na ukuta mtupu wa chumba chake cha kulala, chini yake mtaro wa mawe, ndipo barabara. Siku ya tatu alimwita fundi Mukengere, mzee wa Bukavu aliyefanya kazi pande zote mbili za mpaka, akamwonyesha ukuta ule.

Mukengere aliugonga kwa vidole, akaweka na sikio. "Maman Dative, mulango hapa? Unatoka unaingia mu mtaro?"

"Nitatia mbao, nivuke."

"Mtaro haiko shida. Angalia." Akamwonyesha paa. "Mabati yote yamelala juu ya huu ukuta. Ni udongo. Huu njo mugongo wa nyumba. Nikiutoboa, mvua ya mwezi wa ine itakuya kuniuliza."

"Mvua itaniuliza miye. Weye uko fundi ao uko nabii?"

"Niko fundi, njo maana ninakuambia."

"Basi toboa, fundi."

Mzee akakubali. Alitaka saruji na vyuma, asimamishe nguzo mbili na kizingiti juu. Nusu tu ya ile saruji ilipatikana. Akazisimamisha nguzo vizuri, hilo hakuna anayeweza kumlaumu. Ila saruji ya kuukamata ukuta wenyewe pande zote mbili haikutosha. Na kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine, Dative akamwambia ang'oe ule wa libuyu wa mbele, mlango wa Nsabimana, auhamishie nyuma. Upande wa mbele, uliotazama makreti ya chupa, ukazibwa kwa bati.

Fabien alirudi jioni kutoka ng'ambo, akaliona bati. "Maman, sasa hii ni nini? Bantu batasema nakutesa."

"Baseme. Miye nimegeuka tu. Muntu hawezi kugeuka kwake?"

Toka hapo Fabien hakusema naye. Sahani iliendelea kuja, ikiwekwa juu ya kreti, imefunikwa.

Umurerwa alikuja wiki ile ile. Kanuni aliijua, na kanuni ilikuwa wazi: mlango unafungukia barabara, mlango una haki ya namba. Upande wa chini walihesabu kwa namba witiri, na Dative akaangukia 9. Kibao kikafungwa kwenye nguzo ya Mukengere, kushoto, usawa wa macho. Umurerwa akamsomea masharti: kisihamishwe, kisifunikwe na kitu, kisipakwe rangi, mwenye nyumba akitunze kisomeke kutoka barabarani. Kisha akamsomea karatasi. Mkuu wa nyumba: Mukabera Dative.

"Rudia, mutoto wangu."

Umurerwa akarudia.

Kama kuna mtu anayeuliza Dative alipata nini katika maisha yake, basi aandike majuma saba. Majuma saba alikaa kwenye mlango ule, miguu ikining'inia juu ya mtaro, akiamkiana na wapita njia: wauza ndizi, kina mama wa Bukavu wenye mabeseni kichwani, vijana wa pikipiki. "Maman Tisa, amakuru?" walimwuliza habari kwa Kinyarwanda. "Ni meza," alijibu, yaani njema, kidevu juu. Kila asubuhi alipangusa kibao kwa pembe ya kitenge. Hakuna barua iliyokuja. Siku hizi nani anaandika barua? Lakini ingekuja, ingejua pa kufikia.

Kisha mwezi wa nne ukaingia na mvua yake. Kwanza palitokea ufa mwembamba kwenye kona ya juu ya mlango, unene wa uzi. Dative akaujaza udongo kwa kidole. Juma la pili kidole kizima kiliingia. Angeweza kumwita Mukengere. Angeweza kumwita Fabien, ambaye angeleta mafundi wawili kabla ya jua kutua, pamoja na maneno yake. Akaendelea kuujaza.

Ukuta uliondoka Jumapili mchana, yeye akiwa kanisani. Wakaja kumwita katikati ya wimbo wa mwisho. Alipofika alikuta chumba chake kiko wazi mbele ya watu, kitanda kimejaa tope, picha ya Nsabimana imelala kifudifudi mtaroni, mabati yamekunjamana. Na katikati ya yote hayo, nguzo mbili za Mukengere zilikuwa zimesimama wima, na kizingiti chake, na mlango wa libuyu umefungwa kwa kufuli, na 9 inang'aa kwa kuoshwa na mvua. Mzee alikuwa ameonya kwamba ukuta utaanguka. Hakusema kwamba mlango utabaki.

Fabien alimhamishia chumba cha tatu cha maduka. Alitoa makreti mwenyewe, akafagia mwenyewe. Ilikuwa afadhali angemgombeza. Siku ya pili Dative alishuka na kisu cha jikoni, akafungua skrubu nne za kibao, akakileta chini ya kitenge, akakifunga kando ya mlango wa chumba cha tatu.

Kilikaa siku tano. Umurerwa alipita akakiona, akabisha.

"Maman, hii siwezi kuiacha hapa."

"Ni yangu. Karatasi iko na jina langu."

"Nilikuambia toka mwanzo, Maman. Ni ya mulango, haiko ya muntu. Mulango uko kule."

"Mulango bila nyumba?"

"Nyumba itajengwa ingine. Namba inangoja."

"Na miye? Nangoja wapi?"

Binti akatoa bisibisi. Alikifungua taratibu, karibu kwa heshima, akaenda kukirudisha kwenye nguzo. Kisha akasahihisha daftari lake. Dative hakuomba asomewe. Alijua: kumi na sita, pale chini.

Fabien alikuwa na macho ya biashara. Haukupita mwezi, akaona kwamba kiwanja kina barabara mbili, na kwamba upande wa chini mlango upo, kizingiti kipo, namba ipo tayari, haihitaji kuombwa. Akajenga bohari ya bia, ya matofali ya kuchoma, akaifunga vizuri kwenye nguzo zile zile. Mukengere ndiye aliyejenga, safari hii saruji na vyuma vya kutosha. Mlango wa libuyu ukapakwa mafuta. Karatasi ya 9 ikaandikwa upya, na jina la juu yake halikuwa la Dative.

"Maman, ulinifungulia mulango," alimwambia Fabien siku ya kwanza ya bohari, akimletea soda. Nadhani hakukusudia kumchoma. Wenye bahati hawajui wanachosema.

Dative aliiweka ile soda chini, haikufunguliwa.

Sasa anakaa mlangoni mwa chumba cha tatu, kwenye kiti cha Nsabimana, akitazama barabara ya juu. Madereva wanaoleta mzigo hupotea, kwa sababu geti na bohari ni za mtu mmoja lakini barabara ni mbili. Juzi mmoja alisimamisha lori, akatoa kichwa dirishani.

"Maman, namba tisa iko wapi?"

"Sijui namba."

"Bohari ya Papa Fabien."

"Shuka, zunguka, utaona mulango. Huo mulango ni wa bwana yangu."

Dereva akacheka, akidhani ni utani wa wazee. "Na weye, Maman? Weye unakaa namba ngapi?"

Kibao cha 16 kilikuwa hatua sita kutoka alipokaa, kinasomeka vizuri kabisa, hakikufunikwa na kitu. Hakukitazama.

"Miye?" alisema. "Miye naikala nyuma ya muti wa avoka."

Dereva akageuza kichwa kuutafuta huo mti, hakuona mti wowote, akatia gia akashuka.